Kijana wa mwaloni anayesema "Nyakato": namna ya kumtafutia kwao mtu mwenye ulemavu wa akili

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama lishe, nauza chakula karibu na mwalo wa Kirumba, mahali wavuvi wanaposhusha samaki, hapa Mwanza. Tangu mwezi wa nne kuna kijana analala kwenye vibanda vya samaki. Namkadiria miaka 20 na kitu. Si mlevi wala si mgomvi. Kila asubuhi huniosha sufuria zangu bila kutumwa na kuzipanga kifudifudi, kuanzia kubwa hadi ndogo, nami humpa chakula. Maneno yake ni machache na hayaeleweki vizuri. Akiulizwa kwao ni wapi, hujibu "Nyakato." Vijana wa bodaboda wamempeleka Nyakato mara 2, hakuna aliyemtambua. Jirani yangu anasema nimpeleke hospitali ya Bugando kwa wagonjwa wa akili. Mume wangu anasema tumpige picha tuirushe mitandaoni. Mimi nataka arudi kwao. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika miaka zaidi ya 20 ya kazi ya ustawi wa jamii huku Kanda ya Ziwa nimezoea kutazama kwanza kile mtu anachokifanya, ndipo nisikilize anachokisema, na wewe tayari umenipa pa kuanzia: hizo sufuria. Hakuna anayeamka siku moja akajua kuzipanga kifudifudi kuanzia kubwa hadi ndogo. Yupo mtu, huenda ni mama, bibi au shangazi, aliyesimama naye siku nyingi, akimrudisha kila alipokosea, mpaka mkono wake ukazoea. Kwa hiyo kijana huyu ana kwao, na huko kwao alikuwapo mtu aliyemlea kwa subira. Mtu huyo ndiye tunayemtafuta, au walau wale waliobaki nyuma yake.

Kuhusu ushauri wa jirani yako, naomba tutofautishe mambo mawili ambayo mitaani kwetu huwekwa pamoja chini ya jina moja baya la "chizi." Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na mara nyingi dawa humrudishia utulivu wake. Ulemavu wa akili huanza utotoni: mtoto huchelewa kukaa, kutembea au kuzungumza, hujifunza polepole kuliko wenzake, na hubaki hivyo hata akiwa mtu mzima. Sababu zake ni nyingi, zikiwamo kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria kali ya kichwani, ambayo katika mikoa yetu hii imewaachia watoto wengi madhara ya kudumu. Hakuna dawa ya kuuondoa, na wodi haitamfaa kijana kama mahali pa kuhifadhiwa. Hata hivyo mpelekeni akapimwe, kwa sababu mbili. Kwanza, kifafa huwapata watu wenye ulemavu wa akili mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na yeye anaishi kati ya jiko lako na ziwa, mahali pawili ambapo kuanguka kwa dakika moja kunaweza kumwua. Pili, apimwe masikio, kwa maana nimewaona watu walioitwa mazezeta maisha yao yote kumbe walikuwa hawasikii vizuri.

Sasa tuje kwenye neno lake. Ninyi mnaoishi Mwanza mkisikia "Nyakato" mnafikiria Nyakato ya Ilemela, njia ya kwenda Musoma, na ndivyo walivyofikiria vijana wa bodaboda. Lakini iko Nyakato nyingine mkoani Kagera, karibu na Bukoba. Meli ya Mv Victoria huondoka Mwanza usiku na kutia nanga Bukoba asubuhi, na kurudi vivyo hivyo. Mabasi nayo hupita Sengerema na Geita kila siku. Mtu anayeweza kumfuata mwenye mzigo hadi ndani ya meli anaweza kuamkia Mwanza bila kujua amevuka nini. Sisemi kwamba hakika ametoka huko. Ninasema kwamba hajapelekwa kwenye kila Nyakato, na kwamba mara 2 alizokataliwa hazithibitishi kuwa anasema asichokijua.

Ipo pia hatari ya upande wa pili, nayo ndiyo inayotupotezea muda mwingi kuliko nyingine yoyote. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamejifunza kwamba ukimjibu mkubwa "ndiyo," mkubwa anaridhika na kuacha kukufokea. Ukimuuliza, "Wewe ni wa Geita?" atasema ndiyo. "Wa Musoma?" Ndiyo. "Mama yako anaitwa Maria?" Ndiyo. Wengine hurudia neno la mwisho walilolisikia. Kwa hiyo jambo la kuwauliza wenzako leo ni hili: je, alianza kusema "Nyakato" yeye mwenyewe, au alianza baada ya mtu kumuuliza, "Unakaa Nyakato?" Kama alilitoa mwenyewe siku za mwanzo, neno hilo lina uzito. Kama alilipokea kutoka kwenu, liwekeni pembeni bila kumlaumu.

Namna nzuri ya kumuuliza ni kutomuuliza. Kaa naye mkifanya kazi, weka kitu mbele yake, kisha utazame. Pika ndizi na maharage siku moja, na siku nyingine ugali wa muhogo, uone ni kipi anakila kama mtu aliyerudi kwenye chakula chake. Taja senene uone uso wake. Mwombe mzee wa Kisukuma amsalimie "Mwangaluka" asubuhi, na siku nyingine Mhaya amwite kwa heshima ya "waitu," kisha Mjita, Mkerewe, Mzinza na Mkurya, kila mmoja kwa lugha yake na bila kundi la watu kuwazunguka. Mtu anaweza kuwa na maneno 30 tu ya Kiswahili, na bado akageuza kichwa haraka anaposikia lugha aliyobembelezewa. Majina nayo yana habari zake: anayejiita Kulwa au Doto ni pacha, na kwa Wasukuma anayeitwa Shija amezaliwa baada ya mapacha, kwa hiyo hapo tayari una familia yenye mapacha ya kuitafuta. Usitosheke na dalili moja, maana ndizi hupendwa na wengi. Tafuta dalili 3 au 4 zinazoelekea upande mmoja.

Nikupe mfano mmoja nilioushuhudia. Miaka mingi iliyopita kulikuwa na mtu mzima pale Mabatini ambaye kila siku alichuma majani na nyasi kando ya mfereji, akayafunga mzigo safi kwa kamba ya mgomba, kisha akaenda kuyaweka kwenye mlango wa duka. Mwenye duka aliyatupa, yeye akaleta mengine. Alipigwa kwa ajili ya majani hayo. Nilikuwa nimemwandika kwenye daftari langu kama mtu asiyejulikana atokako, na nilikuwa nimeshamuuliza maswali yangu yote, naye ameshanijibu "ndiyo" zake zote. Siku moja mzee mmoja mbeba mizigo alisimama kando yangu, akamtazama akikaza fundo la mwisho, akasema, "Huyu analisha ng'ombe wa ndani." Mzee alikuwa mtu wa Ukara. Katika kisiwa hicho kidogo kaskazini mwa Ukerewe ardhi ni haba, na tangu vizazi vya nyuma Wakara wamewafuga ng'ombe ndani ya nyumba, wakiwaletea majani mlangoni na kuitoa samadi kwenda shambani. Yule mtu alikuwa akitafuta mlango wa ng'ombe wake. Mzee akamwambia maneno machache ya Kikara, naye akaangusha mzigo wa majani, akamshika mzee mkono na hakuuachia mpaka jioni. Kupitia watendaji wa vijiji tuliipata nyumba yao ndani ya wiki 3. Walikuwa wameshamaliza matanga yake.

Tangu siku hiyo, ninapopewa taarifa ya mtu wa aina hii, huuliza kwanza mikono yake inafanya nini akiachwa peke yake.

Kuhusu picha mitandaoni, mume wako ana nia njema, lakini nisingeanza hapo. Picha ikishatoka hairudi, na kijana hawezi kupima madhara yake. Wapo watu wanaokuja kudai ndugu kwa sababu wanataka mtu wa kuchunga ng'ombe bila mshahara, wa kuvuta nyavu kambini au wa kuombea fedha barabarani. Ikiwa afisa ustawi ataona picha inahitajika, iwe ya uso tu, akiwa amevaa vizuri, na namba ya simu iwe ya ofisi. Jambo moja msilitangaze kamwe: alama ya mwilini mnayoijua ninyi tu, kama vile kovu la mguuni au kidole kilichopinda. Anayedai kuwa ndugu ndiye atakayewatajia alama hiyo. Kwa huku kwetu redio bado inashinda simu, kwa sababu matangazo ya Radio Free Africa hufika kwenye visiwa na kambi za wavuvi ambako wazee hawana simu zenye intaneti. Tangazo lieleze umri, kimo, nguo alizokuwa amevaa siku ya kwanza alipoonekana, na mazoea yake kama hayo ya sufuria. Lisomwe pia misikitini na makanisani, na libandikwe bandarini na minadani.

Njia ya serikali ni fupi kuieleza na ndefu kuitembea. Anza na mtendaji wa mtaa wako, umwombe barua, kisha uende kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Ilemela. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 imezipa halmashauri wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu hawa, kwa hiyo huendi kuomba fadhila. Afisa huyo ndiye atakayemwandikia mwenzake wa Bukoba, na wa Bukoba atamwandikia mtendaji wa kata. Polisi wafungue taarifa na kuangalia kama kuna ndugu aliyeripoti kupotelewa, si Mwanza tu. Kwa kuwa anaonekana amevuka miaka 18, huenda aliwahi kusajiliwa na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kwa alama za vidole. Afisa ustawi aliulizie hilo kwa kupitia polisi. Angekuwa mtoto ningekuambia upige simu namba 116 siku hiyohiyo. Na kwa kuwa malori ya dagaa hufika mwaloni kwenu kutoka mbali, hata nje ya nchi, ikidhihirika kwamba lugha yake si ya huku, kiulizeni Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho kina huduma ya kuwatafutia ndugu watu waliotenganishwa na familia zao.

Sasa nakuomba utulie nami kwenye jambo ambalo swali lako halikuligusa, nalo ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Kabla ya kumrudisha kwao, ni lazima tujue aliondokaje. Wapo waliopotea kweli, kwenye mnada, kwenye msiba wa mbali au hospitalini ambako waliletwa na ndugu wakaachana nao kwenye foleni. Wapo waliochukuliwa na watu waliowaahidi wazazi kazi. Wapo waliopandishwa kwenye basi na ndugu waliochoka. Na wapo waliokimbia kamba na fimbo. Lakini kisa ninachokikuta mara nyingi zaidi ni kimya kuliko vyote hivyo: mama amefariki. Mama ndiye aliyekuwa akielewa maneno yake yasiyoeleweka, ndiye aliyejua kwamba hali chakula kikiguswa na mchuzi, ndiye aliyemfungia shati. Baada ya arobaini watoto wengine wanarudi makwao, nyumba inagawanywa, na yeye anaanza kutembea akimtafuta.

Niliwahi kukosea hapa, na kosa lenyewe bado linaniuma. Binti mmoja aliyeokotwa stendi alitaja kijiji chake vizuri kabisa, tukafurahi, tukampeleka siku ya tatu, tukapiga picha na familia na kuondoka kabla ya jua kuzama. Sikuuliza kwa nini alilia gari lilipoiacha lami. Baada ya miezi 2 alionekana tena stendi, safari hii akiwa mjamzito. Aliyemdhuru alikuwa mtu wa nyumba ileile niliyomrudisha kwa mikono yangu. Siku hizi hakuna mtu ninayemrudisha kabla ya afisa wa upande wa pili kwenda nyumbani kwao bila yeye, kuona mahali atakapolala, kuuliza ni nani atakayemlisha na kumwogesha, na kuzungumza na majirani mbali na familia.

Ni lazima pia yeye mwenyewe akubali. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara yake ya 19 inampa mtu wa namna hii haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, sawa na watu wengine. Utamuulizaje mtu mwenye maneno machache? Afisa wa huko akitembelea nyumba yao, apige picha za uwanja, za mti, za mlango na za kila mtu mmoja mmoja. Mletee kijana, umpe moja moja, bila kusema neno. Nimeona watu wakibusu picha ya mbuzi. Nimeona pia mtu akigeuza kifudifudi picha ya mjomba wake na kuikalia. Hilo nalo ni jibu, na liandikwe kwenye faili. Akionyesha hofu, kurudi kwao kunaweza kuwa na maana ya kwenda kwa shangazi wa kijiji cha pili, au kubaki Mwanza huku ndugu wakimtembelea. Hapo pia tutakuwa tumemuunganisha na familia yake.

Ikifika siku ya safari, nakusihi kwa nguvu zangu zote: asikabidhiwe kondakta. Ndiyo huruma ya kawaida ya mitaani, watu wanachanga nauli, wanamkalisha kiti cha mbele na kumwambia konda, "Mshushe Bukoba, atajua mwenyewe." Konda ana abiria 50, basi linasimama Geita watu wachimbe dawa, yeye anashuka akivutiwa na kitu, na anaanza upya kupotea katika mji ambao hakuna hata anayejua jina lake la Kirumba. Asindikizwe hadi mlangoni na mtu anayemwamini, na kwa maelezo yako mtu huyo ni wewe, pamoja na afisa. Huko India, daktari wa magonjwa ya akili Bharat Vatwani na mkewe walianzisha mwaka 1988 taasisi ya Shraddha, inayowachukua wagonjwa wa akili wanaotangatanga barabarani, kuwatibu na kuwasindikiza hadi vijijini kwao, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay. Wagonjwa wake wana tatizo tofauti na la kijana wako, lakini kanuni yao ya kumfikisha mtu nyumbani kwa miguu ya mtu mwingine ndiyo hiyohiyo ninayokuomba uishike.

Fikeni mchana. Makabidhiano yafanyike mbele ya mtendaji wa kijiji na balozi wa nyumba kumi, yaandikwe, na familia ipewe dawa za kutosha kama atakuwa amekutwa na kifafa, pamoja na jina la zahanati ya karibu atakakoendelea kuzichukua. Waeleze alichojifunza kwako. Ukiwaambia ndugu kwamba anaosha sufuria za mama lishe kila asubuhi na kulipwa, wanamwona mtu ambaye huenda hawakuwahi kumwona. Usiwahukumu kwa ukali hata kama nyumba ni ya hali duni, kwa kuwa wengi wamebeba mzigo huu bila msaada wowote, wakiambiwa na majirani kwamba ni laana au wamerogwa. Kisha wapigie ndugu simu baada ya wiki 1, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 3, na uombe kuongea naye mwenyewe, hata kama atakachofanya ni kupumua kwenye simu. Wanaoondoka tena huondoka zaidi katika miezi hiyo ya mwanzo, na familia inayojua kwamba kuna mtu atapiga simu humwangalia kwa jicho jingine.

Haya yote yanaweza kuchukua wiki 3 au mwaka mzima. Kwa sasa mtafutieni mahali pa kulala penye mlango, kwa sababu usiku wa mwaloni una watu wabaya kwa asiyeweza kupiga kelele na kusema aliyemshika. Mlipe kidogo kwa kazi yake, mkononi mwake. Akianguka kifafa, mlaze ubavu, msogezee mbali moto na vyombo, usimtie kitu chochote mdomoni, na kama mtukutiko haujaisha ndani ya dakika 5 mkimbize hospitali. Mshonee namba yako ya simu ndani ya ukosi wa shati. Wakataze vijana kumwita chizi, na kama bado hamjui jina lake, taja majina mengi polepole mnapoosha vyombo, ya huku na ya ng'ambo, na usikilize mkono wake utasimama kwenye jina gani.

Ukienda kwa mtendaji, nenda naye. Omba kiti cha pili, akikalie yeye, na mazungumzo yote yafanyike akiwa anayasikia.